Mtunza Makosa Yetu

Mlango wa stoo wa jirani yangu umepakwa rangi nyeusi, na wapangaji wapya wanauona kama mkosi. Juzi mama mmoja wao, mgeni kutoka Sumbawanga, aliniuliza kwa sauti ya chini kama pale paliwahi kuungua. Nikacheka mpaka akanishangaa. "Dada, huo ni ubao," nikamwambia. "Mimi nimejifunzia hesabu za kutoa hapo." Akaniangalia juu mpaka chini, mwanamke mzima, muuza mchele, nina mkoba wangu kwapani, akaona labda sijatulia.

Simlaumu. Mwenye mlango huo hayupo tena Mpanda. Mtoto wake wa kiume alikuja akamchukua wakaenda Mwanza, na hapa mtaani Nsemulwa waliobaki kumkumbuka wanakumbuka koti lake tu. Tulimwita Mwalimu wa Jioni. Jina la kubatizwa analo, lakini hata mkewe hakulitumia, nami nikilitaja nitaona kama nasimulia habari za mtu mwingine. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo waulizwe wenye ukoo. Mimi nilimkuta tayari mtu mzima, tayari na koti, tayari na mlango.

Enzi hizo alikuwa Mwamkulu, anafundisha hesabu shule ya msingi, na sisi tulikuwa watoto wa mashamba ya mpunga. Asubuhi alikuwa mwalimu kama walimu wengine. Saa kumi jioni, tukishamaliza kufukuza ndege shambani, tunaenda uani kwake, na hapo hakuna aliyetulazimisha kwenda wala aliyemlazimisha yeye kutupokea. Ubao hakuwa nao, ndiyo akapaka rangi mlango wa stoo. Sasa shida, ndani ya stoo kuna unga. Mama Mwalimu akitaka kusonga ugali anafungua mlango, hesabu yote inaingia ndani, tunabaki tunatazamana na magunia. Mwalimu anasimama na chaki mkononi, kanuna. "Mama, tuko kwenye kugawanya!" Na mama anajibu kutoka humo humo stoo: "Gawanyeni tu, mimi napima unga." Chaki ikiisha anaandikia kipande cha muhogo mkavu, kuku wanapita chini ya mlango wanadonoa kinachodondoka.

Alipostaafu akahamia huku Nsemulwa, nyumba ya pili kutoka kwangu. Kitanda alikiacha Mwamkulu. Kabati aliliacha. Mlango akaung'oa. Niliona guta linakata kona na mlango umelala juu yake, na yeye anatembea nyuma, ameushikilia kwa mkono mmoja kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu, huku Nsemulwa milango ipo!" Akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anaogopa guta lisiingie shimoni.

Kitu alichokipenda duniani kuliko vyote kilikuwa kosa. Walimu wengine wakiona kosa wanatafuta fimbo. Yeye analisogelea, anainama, anavaa miwani. "Umefikaje hapo?" anauliza, na hakuwa anakejeli. Anauliza kweli, vile unavyomuuliza mgeni aliyetokea mlangoni kwako msimu ambao barabara zote zimejaa maji. Ukimweleza vizuri anasema, "Kosa zuuuri hilo," na hiyo ndiyo sifa yake kubwa, ya juu ya hapo hana. Fimbo alikuwa nayo, msidhani. Ilikuwa ya wanaonakili. Ukikosa kwa akili yako unasifiwa, ukipata kwa kuchungulia daftari la mwenzako unachapwa. Sisi tulijua tu kwamba kichwani hayuko sawa.

Kosa langu mimi lilimfurahisha mpaka akakaa chini. Alikuwa ameandika mlangoni mia nne na mbili kutoa mia moja sabini na nane. Nikapata mia tatu sabini na sita.

"Umefikaje hapo, Pili?"

Nikamweleza. Mbili na nane wamesimama pamoja, mbili juu, nane chini. Nane ni mkubwa, kwa hiyo nimemtanguliza, nikamtoa mbili, ikabaki sita. Sifuri na saba hivyo hivyo.

"Lakini nane yuko chini. Kwa nini atangulie?"

Nikamjibu kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto: "Si ndiye mkubwa, Mwalimu? Mkubwa anatangulia."

Kwetu ndivyo ilivyo. Baba ananawa kwanza, bibi anapakuliwa kwanza, hata kwenye tuta jembamba la mpunga unashuka majini umpishe aliyekuzidi umri. Nani alikuwa ameniambia kwamba kwenye namba hakuna adabu? Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye kizingiti akarudia polepole, "Mkubwa anatangulia," kisha akawageukia wale wanaocheka. "Nyie mnacheka nini? Huyu hajakosa hovyo. Huyu amekosa kwa adabu." Akanifundisha kukopa siku nyingi mfululizo, leo kwa mawe, kesho kwa punje za mahindi, kesho kutwa kwa vidole vyetu wote tukiwa tumepanga mstari, na hakuniambia hata mara moja niache kuwaheshimu wakubwa.

Hakuandika makosa yetu popote. Alikuwa nayo kichwani. Miaka mingi baadaye, mimi nina duka langu la mchele pale sokoni, nanunua mpunga mpaka Mpimbwe, anapita anachungulia napiga hesabu za mteja, anasema, "Naona nane siku hizi anasubiri." Mteja haelewi. Mimi naona aibu, halafu nafurahi siku nzima.

Sasa niseme la matobolwa, maana bila hilo hamtamwelewa. Matobolwa ni viazi vitamu vya kuchemsha vikaanikwa juani mpaka vikakauka, unatafuna mpaka taya linauma na utamu hauishi. Mama Mwalimu alikuwa Msukuma na kwa matobolwa alikuwa fundi. Somo likiisha anapita na ungo, kila mtoto mkono mmoja. Na Mwalimu, wakati ungo unapita, anageukia ukuta anafuta mlango, anafuta mahali ambapo pameshafutika, kana kwamba hajui nyuma yake kunaendelea nini. Maana msimamo wake ulikuwa kwamba mtu halipwi kwa kujua. Alilisema hilo kwenye vikao vya wazazi mpaka wakamchoka. "Mtoto ukimzoesha kujua kwa ajili ya kula," anasema, "siku akishiba utampata wapi?" Na huku watoto wake wote wanatafuna.

Nilikuwa darasa la sita Mama Mwalimu alipofariki. Ungo ukaenda naye. Mwalimu hakuweka kitu kingine mahali pake, wala hakuusema. Alipanga tu mawe yake, akaandika mlangoni, akasubiri.

Msije mkadhani nasimulia habari za malaika. Alikuwa bahili wa chumvi, ukimwomba kijiko anakupa nusu halafu anakusindikiza kwa macho. Aligombana na mama mmoja wa hapa mtaani kwa sababu ya kuku mpaka wakapelekana kwa balozi wa nyumba kumi, na kuku mwenyewe siku ya shauri akawa ameshaliwa na kicheche. Ukimpa shikamoo akiwa anawaza anakupita kama gogo. Na kufariji hajui kabisa. Mume wangu alipofariki, watu walikuja, wakalia, wakanishika mikono. Yeye alikuja na koti lake, akakaa karibu na mimi. Akasema, "Pili, leo nimeona lori stendi, namba yake inagawanyika kwa kumi na moja." Hiyo ndiyo ilikuwa pole yake. Nilicheka, haki ya Mungu, nilicheka katikati ya msiba wangu, shemeji zangu wakanitolea macho. Yeye akaridhika, akaondoka.

Watoto wake wako mbali na kila mmoja ana maisha yake. Walikuwa wanapiga simu Jumapili. Nilishawahi kumsikia akiongea nao. "Hamjambo? Sisi hatujambo." Anasema "sisi", na mle ndani yuko peke yake. Kisha anakaa kimya, na huko upande wa pili wanakaa kimya, na salio la mtu linakwenda.

Tulibishana sana kuhusu pesa. Mimi ni mfanyabiashara, siamini kwamba mtu anafanya kitu bure. Nikamwambia, "Mwalimu, usinidanganye, hata wewe ulilipwa. Serikali ilikupa mshahara na pensheni unakula."

"Nililipwa asubuhi," akasema. "Jioni ilikuwa yangu."

Nikamwambia huo ni mchezo wa maneno. Akaniambia basi niende nikauze mchele wangu. Tulikaa hatusemeshani mpaka alipokuja kukopa kiberiti.

Huku Nsemulwa jioni yake iliendelea. Wazazi wa mtaa walimletea watoto, mimi nikampeleka binti yangu Leticia, na kusema ukweli wengi tuliwapeleka ili tupike kwa amani. Lakini walikwenda, wakakaa kwenye mabenchi yake mafupi, nami nikipita na ndoo nasikia, "Umefikaje hapo?" Nilikuwa napunguza mwendo makusudi.

Ndipo zikaja simu. Mradi fulani uligawa simu kwa watu wa mtaa, na ndani ya simu kuna mwalimu. Siyo video. Unaongea naye, anakusikia, anakujibu kwa Kiswahili kilichonyooka, anakuuliza maswali, ukikwama anakueleza tena. Watoto wakamwita Ticha. Kila ukipata swali unapata pointi, na pointi zikijaa unaletewa bando, au sabuni, au sukari. Weee! Nsemulwa nzima ikawa wasomi. Wamama wanajumlisha huku wanakaanga dagaa.

Sitamsingizia Ticha. Leticia alikuwa anaogopa hesabu za sehemu, ukimwambia robo tatu anaanza kuumwa tumbo. Yule wa simu alimfundisha kwa chapati, kwa upole, mpaka mtoto akaelewa, mimi nikawa natikisa kichwa kwa mshangao. Lakini baada ya hapo binti yangu akagundua kitu. Swali la darasa la pili linatoa pointi sawa na swali la darasa la saba. Basi akarudi darasa la pili. Kila jioni mbili jumlisha tatu, tano jumlisha nne, hongera, hongera, bando likaingia. Nilifurahi, nikasema huyu ameichukua akili yangu ya sokoni. Nikaenda kumsimulia Mwalimu nikidhani atacheka.

"Na huyo Ticha anasemaje?" akaniuliza.

"Anasema hongera sana."

"Hongera ya nini?"

Hakungoja nijibu. Aliendelea kupanga mabenchi.

Watoto waliacha kwenda mmoja mmoja, wala hawakuaga. Leo hayupo huyu, kesho hayupo yule, mwisho Leticia naye akasema anaumwa kichwa. Mwalimu aliendelea kufuta mlango kila siku saa kumi na kuandika hesabu mpya. Napita asubuhi naikuta vile vile, haijaguswa, chini yake ameacha nafasi ya jibu. Iliniuma ile nafasi, sijui kwa nini iliniuma kuliko mabenchi.

Siku moja namwona sokoni, mtu ambaye sokoni huwa haji, amesimama kwa mama wa viazi. Ananunua matobolwa. Mfuko mzima. Nikamtania kwa mbali, "Mwalimu, hayo meno ya kutafunia umeazima kwa nani?" Akanipungia mkono akaondoka haraka. Jioni nikaelewa. Ameyaweka kwenye sahani, sahani ameiweka kwenye benchi, na yeye amekaa kwenye kizingiti na koti lake amelifunga vifungo vyote. Watoto waliona. Wakaja mbio, wakachota, wakamwambia asante Babu, wakakimbilia kwenye simu zao. Hakuna aliyekaa. Alibaki na sahani. Mimi nilijifanya sijaona, nikaingia ndani kwangu, nikakaa jikoni bila kuwasha moto.

Wiki iliyofuata akajiandikisha kwenye mradi, akapewa simu.

Mtaa ulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwalimu wa hesabu anaenda kufundishwa hesabu! Kisha kicheko kikageuka, maana matokeo yalikuwa yanasomwa kwenye kikao cha mtaa, na Mwalimu wa Jioni alikuwa na sifuri. Si pointi chache. Sifuri. Maswali ya kutoa ya darasa la tatu, anakosa. Kuzidisha, anakosa. Watu wakaanza kusema taratibu kwamba mzee kichwa kimeondoka, koti limebaki. Kijana wa mradi, kijana mwenye adabu zake, akanifuata dukani. "Mama Leticia, wewe ndiye jirani yake. Utaratibu wetu, asiye na pointi mpaka Ijumaa anarudisha simu ili apewe mwingine. Hata pointi tano tu zinatosha. Mwambie ajitahidi."

Niliogopa. Mama yangu mzazi nilimwona akipotea hivyo, anaanza na majina ya wajukuu anamaliza hajui kijiko. Nikafunga duka mapema, nikaenda kwake, nikapitia uani kama tulivyozoea.

Alikuwa ndani, mlango uko wazi, simu ameiegemeza kwenye kikombe. Nikasikia Ticha anauliza, mia nne na mbili kutoa mia moja sabini na nane ni ngapi? Na Mwalimu akajibu, sauti tulivu kabisa, "Mia tatu sabini na sita."

Nilisimama pale pale.

"Asante kwa kujaribu," ikasema simu. "Hebu nieleze, umefikiaje jibu hilo?"

"Nane ni mkubwa," akasema Mwalimu. "Mkubwa anatangulia."

Ticha akaanza kueleza, kwa subira, habari za kukopa kutoka mamia. Mwalimu anasikiliza huku anaitikia kwa kichwa taratibu, uso wake umelegea, una raha ambayo sikuwa nimeiona tangu mabenchi yalipobaki matupu. Kichwa hakikuwa kimekwenda popote. Nikabisha hodi.

"Mwalimu, huyo ni mimi."

Hakushtuka. "Leo ilikuwa zamu yako, nimemwomba aniulize lile swali lako. Kaa."

"Na jana?"

"Jana yule mwenzenu ambaye siku hizi ni dereva wa malori, aliyekuwa anazidisha kwa kujumlisha mpaka anaishiwa vidole anaazima vya mwenzake. Juzi Kulwa." Kulwa tulisoma naye, alifukiwa na kifusi machimboni akiwa kijana mdogo. "Kulwa alikuwa anasahau sifuri. Kila sifuri aliiruka. Yeye bado ana miaka yake kumi na miwili."

Nikamuuliza kwa nini anafanya hivyo, na sauti yangu ilitoka kama ya ugomvi, ndivyo nilivyo nikitaka kulia.

"Nikijibu sawa," akasema, "ananipa hongera, anakwenda mbele, na humu ndani anabaki mzee mmoja. Nikikosa kosa lenu, mnakuwepo." Akaigeuza simu kidogo juu ya meza. "Na huyu mwenzangu hachoki, Pili. Mimi nilikuwa nachoka. Nilikuwa nachoka mkiwa bado hamjaelewa, nikajifanya mmeelewa. Yeye nimemkosea makosa yote ya Kulwa ninayoyajua, bado anasema tujaribu pamoja."

Nikamweleza habari ya Ijumaa. Nikambembeleza. "Maswali mawili matatu tu, Mwalimu. Jibu sawa, upate vipointi vyao, ubaki na simu, halafu endelea na Kulwa wako mpaka uchoke. Nani atajua?"

"Nikijibu sawa ili nibaki na simu, hiyo si kunakili?"

"Si kunakili! Ni akili yako mwenyewe."

"Niliwachapa watoto kwa kutafuta jibu kwa ajili ya kitu kingine," akasema. "Wengine walikuwa wadogo sana." Nikaona hapo simpati. Kichwa ngumu kama cha punda, na mimi hasira zinanipanda, maana nilijua anachokwenda kupoteza na yeye alijua kuliko mimi.

Ndipo akaniuliza. Nadhani alikuwa analo hilo swali tangu siku ya sahani.

"Pili, mniambie ukweli. Kule Mwamkulu mlikuwa mnakuja kwa hesabu au kwa matobolwa?"

Anasema "mniambie", kana kwamba wote tumekaa pale. Ningeweza kumdanganya. Kila siku sokoni nawaambia watu mchele ni mpya. Lakini huyu ni mtu aliyetaka kujua nimefikaje, nikashindwa.

"Matobolwa, Mwalimu. Ilikuwa matobolwa."

Akaitikia kwa kichwa. "Na Mama alipofariki?"

"Wengi waliacha. Unakumbuka."

"Wewe hukuacha."

"Sikuacha."

"Kwa nini? Hesabu hukuzipenda. Usiniongopee, hukuzipenda."

Nilikaa nikafikiri, maana hakuna aliyewahi kuniuliza hilo na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nyumbani tulikuwa tisa. Ukikosa unazabwa kofi, ukipata hakuna anayegeuka. "Kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa ananiuliza nimefikaje," nikamwambia.

Mwalimu alitazama simu yake, kioo kimezimika. "Huyu naye anauliza," akasema. "Anauliza vizuri sana. Lakini yeye hakosi, Pili. Mimi sina cha kumuuliza."

Ijumaa kijana alikuja. Mwalimu aliifuta simu kwa pindo la koti, akamkabidhi kwa mikono miwili, akamwambia, "Mwalimu mzuri huyu. Waambieni waliomtengeneza, hongera ziwe chache." Kijana alicheka kwa heshima, akaipiga kiki pikipiki yake akaenda. Simu alipewa baba mmoja wa mtaa wa juu, baada ya mwezi akajaza pointi akaletewa sukari.

Baada ya hapo Mwalimu hakuandika tena mlangoni. Mvua za kwanza zilinyesha zikaosha hesabu ya mwisho, hakuirudishia. Asubuhi alikaa kwenye kizingiti, jioni alikaa kwenye kizingiti. Nilimpelekea wali, alikula kidogo kwa adabu. Leticia nilimtuma akamsalimie, akaenda akasalimia akarudi, akasema Babu haongei. Nilianza kuhesabu ni muda gani hajaniambia neno lolote kuhusu namba za magari. Nikampigia mwanawe Mwanza, nikamwambia bila kuzunguka kwamba baba yenu anakauka. Akajibu anakuja Jumatatu kumchukua.

Jumapili jioni ile nilikwenda. Begi lilikuwa limeshafungwa, dogo, liko mlangoni. Mlango wa stoo haubebeki kwenye basi na yeye hakuuulizia. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Nikaburuta benchi moja fupi, la watoto, nikakaa magoti yakanifika kidevuni, nikajiona kituko. Tukakaa.

Basi nikainuka. Chaki hamna, nikaingia jikoni kwake nikapata kipande cha muhogo mkavu. Nikaandika mlangoni, kwa mwandiko wangu mbaya, mia nne na mbili, chini yake mia moja sabini na nane, nikapiga mstari. Chini ya mstari nikaandika mia tatu sabini na sita. Nikarudi kwenye benchi langu.

Aliitazama ile hesabu. Anajua kwamba mimi natoa hesabu za magunia kila siku bila kalamu. Anajua kila kitu. Alitoa miwani kwenye mfuko wa koti, akaifuta, akaivaa, akasimama kwa kushika ukuta, akaenda mpaka karibu na mlango akainama.

"Umefikaje hapo, Pili?"

"Nane ndiye mkubwa, Mwalimu," nikasema. "Mkubwa anatangulia."

"Kosa zuuuri hilo," akasema. Akaninyang'anya kipande cha muhogo, akaniambia nisogeze benchi mbele, akaanza kunifundisha kukopa, pole pole, tangu mwanzo. Na mimi nikawa nasikiliza, nikikosa tena kila alipokaribia kumaliza.